Sam Ntiro, fundi wa kuchora wa Machame (1923–1993)

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma juu ya wafalme, wamisionere na watu wa siasa. Leo ninawaletea mtu wa kuchora. Najua wamoja watacheka.

Hapa kwetu Likasi, kama kijana anasema nyumbani kwamba nyuma ya egzeta anataka kwenda Lubumbashi kusoma uchoraji, baba anauliza kama ile ni kazi ao ni mchezo, na mama anamwangalia sawa vile anaangalia mtoto mwenye homa. Masomo, kwa wazazi wetu, ni ya kuwa injenia, munganga ao avoka. Lakini wazazi hao hao watakumbuka zile tablo za mamba muntu na za Colonie belge zilizotundikwa ukutani mu salo katika miaka ya 1970. Tablo walipenda. Fundi wake walimsahau, na hakuna aliyeuliza alijifunza wapi. Basi tusome juu ya mtu mmoja aliyefuata kazi hii mpaka kwa masomo ya juu kabisa, na tuone alirudi na nini mukononi.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka wa 1923 huko Machame, kwenye mteremko wa mlima Kilimanjaro, inchi iliyoitwa wakati ule Tanganyika. Yeye ni Mchagga. Machame ni mahali penye migomba mingi, kahawa, na mifereji ya maji ambayo Wachagga wanaiita mifongo. Maji yanatoka juu mlimani, watu wanayaongoza kwa mkono mpaka kwa mashamba, na kazi ya kutengeneza mfongo inafanywa na watu wa mtaa wote pamoja, hapana mtu moja moja. Shikeni neno hili, maana litarudi mbele. Wamisionere wa Leipzig, Walutheri, walifika Machame mwaka wa 1893, na shule ziliota mapema pale kupita mahali pengine pengi. Njo maana mtoto wa mlimani aliweza kufika Makerere.

Makerere iko Kampala, inchi ya Uganda. Ilianza mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi tu, kiisha ikawa koleji kubwa ya Afrika ya Mashariki yote. Ntiro aliingia pale mwaka wa 1944. Wakati ule Julius Nyerere naye alikuwa mwanafunzi palepale. Walikuwa karibu umri mmoja, wote wawili watu wa Tanganyika, na urafiki wa namna hii unakuja kuwa na kazi siku za mbele, sawa tutakavyoona.

Sasa ni lazima nisimame kidogo juu ya mwalimu wake, maana bila yeye hakuna hadisi. Margaret Trowell alikuwa mama wa Kiingereza, bibi wa munganga Hugh Trowell. Yeye mwenyewe alisomea kuchora London, katika Slade School. Walifika Kenya mwaka wa 1929, wakahamia Uganda mwaka wa 1935. Wazungu wengi wa wakati ule walisema mtu mweusi anaweza kuchonga kiti na kusuka kikapu, basi, ile ndiyo mwisho wake. Mama Trowell hakukubali. Karibu mwaka wa 1937 alianza kufundisha watu wachache kibarazani kwa nyumba yake. Mwaka wa 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, Imperial Institute. Kutoka kwa ile baraza ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo inapana mpaka masomo ya juu nyuma ya digrii ya kwanza. Ilikuja kuitwa kwa jina lake.

Mafundisho yake yalikuwa namna gani? Hakuweka chungu mezani na kusema wachore chungu. Aliwaeleza jambo kwa maneno: soko asubuhi, ao mvua inayokuja, ao habari ya Biblia. Wao walisikiliza, wakaona ile picha mu kichwa, kiisha wakaichora sawa walivyoiona. Namna hii aliipata kwa Marion Richardson, mwalimu wa London. Kwa kijana wa Machame ilikuwa sawa vile mtu amefungua mlango wa nyumba yao wenyewe. Alifunga macho akaona migomba.

Ntiro alimaliza masomo yale mwaka wa 1947, kiisha akawekwa kuwa mwalimu palepale Makerere. Mwenzake katika kazi alikuwa Gregory Maloba, Mkenya, fundi wa kuchonga, yule aliyefanya sanamu kubwa ya uhuru wa Uganda, Kampala, mwaka wa 1962. Mwafrika kufundisha sanaa mu koleji ya namna ile ilikuwa jambo jipya kabisa.

Hapa wengine wangetosheka. Alikuwa na kazi, alikuwa na mshahara. Lakini mwaka wa 1952, mwenye miaka 29, akafunga kisanduku akaenda London kwa Slade ileile aliyosoma mwalimu wake. Alikaa pale mpaka mwaka wa 1955.

Wengi wetu hatujui masomo ya juu ya kuchora yanaenda namna gani, basi niyaeleze kidogo. Slade ilianzishwa mwaka wa 1871, ni sehemu ya University College London. Mwanafunzi hakai siku nzima kuandika nota. Anafanya kazi mu atelye. Mbele yake kuna mtu anayesimama bila kutikisika kwa muda mrefu, na yeye anachora ule mwili: bega, goti, uzito unaokaa juu ya mguu mmoja. Mwalimu anapita, anaangalia, anasema neno moja ao mawili, anaenda. Mwisho mwanafunzi anahukumiwa kwa kazi zake. Mwaka Ntiro alipofika, mkubwa wa Slade alikuwa William Coldstream, aliyeingia mu cheo kile mwaka wa 1949. Coldstream alijulikana kwa kupima. Alifunga jicho moja, akanyosha mkono na burashi, akapima toka kidevu mpaka kitovu, akatia alama, akapima tena. Kwake, kuchora ni kuangalia kitu kilicho mbele yako na kukisema kweli, bila kuongeza.

Mnaona shida? Kule Makerere: funga macho. Huku London: fungua macho, pima. Na mwanafunzi ni mmoja.

Alifanya nini? Alienda kwa atelye sawa wengine. Lakini tablo zake mwenyewe, zile za moyo wake, zilibaki Machame. London baridi, moshi, mvua ya kila siku, na yeye anachora watu wanachimba mfongo, wanavuna kahawa, wanabeba majani ya ng'ombe. Mwaka wa 1953, wakati alipokuwa mwanafunzi bado, buku yake ilitoka Nairobi, jina lake Desturi za Wachagga. Aliiandika kwa Kiswahili, hapana Kiingereza. Mimi nilishangaa sana niliposoma hili. Siye tunapofika Lubumbashi tu, miezi mitatu, tunaanza kusahau namna ya kuongea na nkambo.

Mwaka wa 1955 Piccadilly Gallery ya London ilionyesha tablo zake yeye peke yake. Kwa Mwafrika wa Mashariki ile ilikuwa heshima kubwa. Kiisha akarudi Makerere kufundisha.

Njo hapa maneno yalianza. Watu waliziangalia tablo zake wakasema: huyu ameenda Slade kufanya nini? Watu wake ni wadogo, wanafanana, sura zao hazina mtu fulani. Vivuli hakuna. Udongo unapanda juu sawa ukuta. Miti imejipanga kwa mistari. Ile maarifa ya kufanya kitu cha mbali kuwa kidogo, kila mwanafunzi wa kuchora anaijua, na yeye anaiacha. Wamoja walidhani hakuweza. Wengine walidhani ni kichwa ngumu. Hata leo wenye kuandika juu ya sanaa ya Afrika ya Mashariki hawapatani juu yake.

Mimi ni mwanafunzi tu, lakini nitasema fikiri yangu. Mtu hawezi kukaa miaka mitatu mbele ya Coldstream bila kuona namna ya kupima bega. Kama aliiacha, aliiacha akiijua. Na angalieni anachora nini: kazi ya watu wengi pamoja. Mfongo hauchimbwi na mtu mmoja mwenye sura nzuri. Kama angechora kila mmoja na pua yake na kivuli chake, ingekuwa tablo ya watu ishirini, hapana tablo ya mtaa. Ule udongo unaopanda juu unatuonyesha shamba lote mara moja, na kila mtu aliye ndani yake, wa mbele na wa nyuma, kwa kipimo kimoja. Na mtu wa Machame anakaa kwenye mteremko: akiangalia shamba la jirani, kweli linapanda juu! Wenye kusema alikosea labda walizaliwa mahali pa tambarare. (Mwalimu wetu wa jeografia atanisamehe.)

Lakini nisimpake asali tu. Kuna tablo zake zinazorudia neno moja, na mtu anaweza kuchoka. Tena maisha ya mlimani katika tablo zake ni matulivu mno. Njaa, kodi, ugomvi wa mashamba, hivi havionekani sana, na Kilimanjaro ilikuwa navyo. Alichora kijiji sawa mtu aliye mbali anavyokikumbuka, na wa mbali husahau matope.

Ili tupime vizuri, tuangalie mwenzake mmoja. Ibrahim El-Salahi, mtu wa Sudani, alisoma Slade ileile toka 1954 mpaka 1957. Alirudi Khartoum, akaonyesha kazi alizofanya kwa namna ya London. Watu walikuja siku ya kufungua, kiisha hawakurudi tena. Hakuna alichochora kilichowaita. Jambo lile lilimuuma, akaacha, akatembea mu inchi yake, akaangalia maandiko ya Kiarabu na mapambo ya watu, akaanza upya kabisa. Akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Afrika. Basi huyu alichukua Slade yote, kiisha ikamlazimu kuivunja. Ntiro hakuichukua yote toka mwanzo. Nani alifanya vizuri? Tumelizungumza hili mu kalasi mpaka kengele ikapiga, na hatukupatana. Wamoja walisema El-Salahi alifika mbali zaidi kwa sababu alithubutu kupotea. Naona wana haki kidogo.

Na kwetu Katanga je? Wakati Ntiro alipokuwa Makerere, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani mtu wa jeshi la maji, alifungua atelye Elisabethville mwaka wa 1946. Watu waliiita Hangar. Pale walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Bela aliyechora kwa vidole bila burashi, na Mwenze Kibwanga aliyejaza tablo kwa mistari midogo midogo. Romain-Desfossés hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya hata kidogo. Aliwataka watoe vyote ndani yao. Alikufa mwaka wa 1954, na mafundi wake wakaingia katika Académie ya Laurent Moonens, iliyoanzishwa mwaka wa 1951. Tablo zao zilifika Ulaya, lakini wao wenyewe hawakutumwa kukaa miaka katika shule kubwa ya kule na kujipimia. Muzungu alichagua kwa ajili yao: msiangalie. Ntiro aliangalia, kiisha akachagua yeye mwenyewe. Kwa macho yangu, hapo njo tofauti, hata kama tablo ya Pilipili inanipendeza kupita ya Ntiro.

Turudi kwa maisha yake. Mwaka wa 1958 alioa Sarah Nyendwoha, binti wa Bunyoro, Uganda. Huyu naye anastahili ukurasa wake, na wadada wa kalasi ya sita wamesha kuahidi kuuandika. Mwaka wa 1954 alipata digrii Oxford, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata digrii ya iniversite. Aliporudi kufundisha, akaona wanawake wanalipwa chini ya wanaume kwa kazi moja, akasema basi atafundisha bure. Serikali ikaona haya. Nyumba yao haikuwa nyumba ya watu wa kunyamaza, ninafikiri.

Mwaka huo wa 1958 Mama Trowell alipumzika, akarudi Uingereza. Nyuma yake akaja Cecil Todd, mtu wa Afrika ya Kusini, aliyeongeza mafundisho ya historia ya sanaa ya Ulaya na maarifa ya rangi. Shule ikabadilika. Ile namna ya kufunga macho ikaonekana ya zamani. Ntiro aliendelea kufundisha, na kati ya waliopita Makerere siku zile ni Elimo Njau, Mchagga mwenzake, aliyechora maisha ya Yesu ukutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, mwaka wa 1959, na Yesu na watu wote pale ni weusi. Waprotestanti wa huku tungeona tablo zile, sijui tungesema nini.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Nyerere alitafuta watu wa kutuma kwa mataifa. London, kwa mkoloni wa jana, alimtuma mchoraji! Ntiro akawa balozi kule mpaka mwaka wa 1964. Muji ule alioujua kama mwanafunzi, sasa anaingia kwa motokari yenye bendera. Ubalozi haukumzuia kuchora. Aliporudi nyumbani aliwekwa mkubwa wa mambo ya utamaduni katika serikali ya Tanzania, kiisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo alizunguka akarudi palepale alipoanza: kusimama mbele ya vijana wenye karatasi na rangi.

Tablo yake inayojulikana sana ni ya mwaka wa 1956. Inaonyesha wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi, usiku. Kwa Wachagga pombe ile ni sehemu ya ndoa, ni neno la heshima kati ya jamaa mbili, hapana ulevi. Nasema hivi mapema ili wazee wa kanisa wasikasirike na buletini yetu. Ntiro aliichora mwaka mmoja tu nyuma ya kutoka Slade. Leo iko New York, katika Museum of Modern Art, nyumba inayotunza kazi za Picasso na Matisse. Walioichukua hawakumuuliza juu ya nini hakuweka vivuli.

Alikufa mwaka wa 1993, mwenye miaka 69. Bibi Sarah aliishi mpaka mwaka wa 2018.

Neno la mwisho ni la biblioteke yetu. Tumetafuta ile buku Desturi za Wachagga na hatukuipata. Kama mwalimu ao mzazi fulani anayo, ao ana ndugu Moshi ao Arusha anayeweza kuitafuta, tunaomba aiazimishe kwa muda wa wiki mbili. Tutaifunga mu karatasi na tutairudisha safi. Tena, wenye kuwa na tablo ya zamani nyumbani, ya Pilipili ao ya fundi mwingine wa hapa kwetu, angalieni nyuma yake kama kuna jina na mwaka, muandike na kutuletea. Sanduku ya buletini iko karibu na mlango wa kalasi ya tano.